Unataka kujenga replika ya supakaa nyumbani? Magari mama matano, kuanzia la kununua mpaka la kuliacha

Wakuu, swali ninaloulizwa sana ni lile lile, kaka nimepata Toyota MR2 bei chee, au nimeona Peugeot 406 coupe ya V6 inauzwa hela ya mboga, naweza kuigeuza Ferrari? Na mimi swali langu huwa moja tu, umeshapima? Maana wengi wanaanza na picha, wanaona pua ndefu na taa za mviringo wanasema mbona zinafanana, wananunua, halafu gari linakaa chini ya turubai miaka mitano. Anza na futi kamba.

Mimi niko Uingereza, Midlands, na huku hii kazi watu wanaipenda mno, kila mwezi wa tano wapenzi wa magari ya kujijengea wanajaa Stoneleigh kwenye maonyesho. Mwenyewe nimeshavua bodi magari mawili ili kuvalisha mengine, na mojawapo liliniuma vibaya, ntaeleza.

Gari mama ni lile gari zima unalonunua ili ulibakishie injini, giaboksi, sasipensheni, usukani na kawaida hata kioo cha mbele, halafu unavua bodi yake na kuvalisha ya faiba iliyotolewa kwenye moldi. Kipimo cha kwanza ni wilibesi, yaani kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma. Ferrari F355 ina milimita 2450. Lamborghini Countach za mwanzo nazo 2450. Ferrari 328 ni 2350, na 360 Modena pamoja na F430 ni 2600. Sasa kama gari mama ni fupi kuliko hapo, una njia mbili tu, ukate gari katikati uongeze chuma, au ufupishe bodi ya faiba. Ukifupisha bodi mlango unakuwa mfupi na jicho la mtu linagundua kabla hajajua amegundua nini. Ukikata, umegusa uti wa mgongo wa gari, na hapo unaingia kwenye mambo ya usalama na karatasi.

Kwa hiyo orodha yangu nimeipanga hivyo, wilibesi kwanza, halafu injini imekaa wapi, halafu spea.

Namba moja ni Toyota MR2 ya pili, SW20, iliyotoka 1989 mpaka 1999. Wilibesi yake 2400, yaani imepungukiwa milimita 50 tu na F355, upana wa vidole vitatu. Injini iko nyuma ya siti kama supakaa yenyewe, kwa hiyo hata mkao wa dereva, yale madirisha madogo ya ubavuni ya kuvuta hewa, uzito unavyokaa nyuma, vyote vinakuja vyenyewe. Na injini zake huku Uingereza ni familia ya 3S, zile za kawaida zina 3S-FE, ndugu yangu hiyo ndio iliyomo kwenye Noah old model, fundi yeyote wa Dar anaifungua huku anaongea na simu. Turbo ni 3S-GTE, tamu lakini inataka upoozaji mzuri, na ukivalisha bodi ya faiba usizibe njia za hewa.

Shida ya kwanza ya SW20 ni kutu. Hapa ndipo niliumia. Gari la kwanza nililinunua kwa mtu binafsi, rangi inang'aa, chini kumepigwa kitu cheusi kinene nikafurahi nikasema limetunzwa. Nilipofika nyumbani nikachukua sumaku ndogo ya friji nikaipitisha kwenye sili, ile sehemu ya chini ya mlango, mbele inashika vizuri, nikisogea nyuma karibu na madigadi inateleza na kudondoka. Nikachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Puti tupu, ndani magazeti yamekunjwa. Chuma cha kufungia bodi mpya hakikuwepo. Siku hizi natembea na sumaku mfukoni na siangalii rangi kabisa, nalala chini kwanza. Kama lina paa la vioo viwili nyanyua na kapeti, ukikuta unyevu ujue linavuja.

Shida ya pili ni upana. F355 ina milimita 1900, MR2 ina kama 1700, maana yake kila upande unapungukiwa karibu milimita 100. Watu wanaziba hiyo nafasi kwa spesa nene za aluminiamu, vile vipande vya kuweka kati ya kitovu na rimu ili tairi litoke nje, na mimi nasema usifanye hivyo, beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa na boliti zinachoka. Tafuta rimu zenye ofseti sahihi, yaani kiasi rimu inavyoingia au kutoka nje ya kitovu, ugawane na mikono mirefu ya sasipensheni, ni ghali, lakini ndio sehemu inayokushikilia barabarani. Na ukipata la kuanzia 1992 chukua hilo, Toyota walirekebisha sasipensheni kwa sababu yale ya mwanzo yalikuwa na tabia ya mkia kuchomoka ghafla ukiachia mafuta kwenye kona.

Namba mbili ni mdogo wake, MR2 ya tatu, Japani wanaiita MR-S, 1999 mpaka 2007. Wilibesi ni 2450 kamili! Yaani ile ile ya F355 na Countach za mwanzo. Kwanini isiwe ya kwanza basi? Kwa sababu ni ya wazi, haina paa la chuma, kwa hiyo inafaa zaidi replika za wazi, na bodi zinazotengenezwa kwa ajili yake ni chache. Ni nyepesi, karibu tani moja tu, na injini ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, zilizojaa kwenye Allion na Wish, spea zake Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi hukosi. Ila zile za miaka ya mwanzo zinakula oili, na kuna katalitiki ndogo kwenye manifodi ya ekzosti ambazo zikipasuka vumbi lake linanyonywa ndani ya silinda na injini inakwisha. Kabla hujatoa hela toa sensa ya oksijeni uchungulie kwa tochi, ukiona lile sega la nyuki limemeguka, ondoka.

Namba tatu Porsche Boxster 986, ilianza 1996. Wilibesi 2415, injini katikati, silinda sita za kulala, na breki ambazo huhitaji kuzibadilisha. Ukilinganisha na zote hapa hili ndilo gari bora. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya beringi ya shafti ya kati, ile maarufu kwa jina la IMS, ikiharibika inaondoka na injini nzima, na bei ya injini ya Porsche inaweza kumaliza bajeti yote ya mradi. Dai risiti ya kubadilishwa beringi, maneno ya mdomo hayatoshi.

Namba nne Pontiac Fiero, 1984 mpaka 1988, hili ni la ndugu zetu walioko Marekani. Limetengenezwa kama zawadi kwa hii kazi, fremu ya chuma inayosimama yenyewe na paneli za plastiki zimefungwa kwa skrubu na boliti juu yake, unavua bodi na gari bado linatembea. Wilibesi karibu 2370, kwa 328 linakaa vizuri sana, kwa Countach lazima lirefushwe. Chukua la 1988, lina sasipensheni mpya, na yakwepe ya 1984 yenye silinda nne, yalijulikana kwa kushika moto. Yote usukani uko kushoto, kwa hiyo Kenya, Tanzania na Uganda sahau.

Namba tano ni yale ya injini mbele, Ford Cougar na Peugeot 406 coupe. Hiyo 406 bodi yake ilichorwa na Pininfarina, hao hao waliochora Ferrari, ndio maana watu wanavutika. Lakini wilibesi zote ni kama 2700, ndefu kuliko hata F430, na ukifungua nyuma unakuta buti. Mimi silinunui, ila kama ni gari la harusi na picha linatosha, na ni rahisi.

Kuna na njia ya chasisi ya mabomba unayochomelea mwenyewe, hapo gari mama linatoa injini na giaboksi tu. Ken Imhoff wa Wisconsin alijenga Countach hivyo kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kwa miaka 17, na mwisho ikabidi ukuta uchimbwe ili litoke. Kama hii ndio replika yako ya kwanza, iache kwanza.

Karatasi sasa. Uingereza ukikata chasisi lazima uwaambie DVLA, wale wanaosajili magari, na gari lenye chasisi mpya linaweza kutakiwa kupita ukaguzi wa IVA, ule wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa, mengine yanapewa namba za Q, za magari ambayo asili yake haijulikani vizuri, na kanuni zimebadilishwa 2025 kwa hiyo soma za sasa kabla ya kuwasha grinda. Kenya gari la zaidi ya miaka 8 haliingii, maana yake MR2 unatafuta zilizoko tayari. Tanzania linaingia lakini kuna ushuru wa uchakavu, upige hesabu mapema. Bima uwaambie ukweli kwamba ni replika. Na beji ya farasi wa Ferrari usiweke kama unafikiria kuuza, 2019 polisi wa Brazil walifunga karakana pale Itajaí iliyokuwa inatengeneza Ferrari na Lamborghini bandia za kuuza.

Ukishapata gari mama ndio uende kununua bodi, na uende nalo au na vipimo vyake. Geuza paneli, weka tochi upande wa nje utazame kwa ndani, ukiona mwanga unapita kwa mabaka faiba ni nyembamba na haijalingana. Gonga kwa sarafu kila mahali usikilize kama mlio unabadilika. Halafu omba mlango na boneti viwekwe mahali pake mbele yako, bila skrubu, bila puti, utazame upenyo unavyokwenda kutoka juu mpaka chini. Muuzaji akikataa kuviweka, hela yako ibaki mfukoni.