Bati la kukinga joto la ekzosi: uzoefu wangu baada ya miezi nane

Wakuu, nina Forester ya turbo. Mwaka jana nilifunga kava za chini toka kwenye bampa mpaka nyuma ya gia boksi maana njia ya shamba ni vumbi na mawe, na kweli vumbi lilipungua sana. Ila safari ya kwanza tunapanda mlima Kitonga kule Iringa, aisee, sakafu upande wa abiria ikawa ya moto mpaka wife akapandisha miguu kwenye siti, harufu ya plastiki ikajaa ndani. Nikapaki nikachungulia chini, kava iliyo karibu na katalitiki (lile kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) imeshalainika imebonyea.

Yaani ule upepo uliokuwa unapita chini na kupoza ekzosi nilikuwa nimeuziba. Katalitiki ikibanwa mlimani inapita nyuzi 600, plastiki nyingi za kava zinayeyuka kwenye 160 hivi, wala hazihitaji kugusana.

Nikaanza na ile bendeji ya kuviringisha kwenye bomba. Joto ilipunguza, siwezi kusema uongo, lakini bomba langu ni chuma cha kawaida na bendeji ikilowa inakaa na maji, masika ilivyoisha nikaifungua nikakuta kutu imekula bomba linabanduka magamba. Mi siipendekezi.

Ndo nikachukua bati la alumini lenye vinundu. Fundi pale Gerezani, Dar, alitaka kulibana moja kwa moja kwenye kava nikakataa, likigusa plastiki joto linahamia hukohuko, lazima hewa ipite katikati. Tukaweka washa (vile visahani vya bolti) na vipande vya bomba dogo tukapata nafasi ya kama sentimita moja na nusu, halafu tukakata kava pale chini ya katalitiki pakabaki wazi, na nyuma tukaacha mdomo hewa ya moto itokee. Kwangu huko kukata kava kumesaidia kuliko hata bati lenyewe, na wauzaji hawakwambii.

Ukitaka kupima na kile kipimajoto cha kuelekezea, usipime bati, linang'aa kitakudanganya kisome kidogo, pima plastiki ya pembeni. Yangu ilikuwa inafika 120, sasa haivuki 75.

Kitonga nimeshapanda mara mbili tena, sakafu vuguvugu tu. Kinachonikera ni bolti moja inalegea kwenye barabara ya makorongo, bati linapiga kelele, nitaiwekea nati ya kujifunga. Na shamba sasa sipaki kabisa juu ya majani makavu, maana katalitiki iko wazi.