Lenzi ya mfukoni niliyoipima kwa buu mwenye nyumba ya konokono

Lenzi hii ya kukunja niliinunua mtandaoni kwa dola 14 kwa ajili ya mdudu mmoja tu, Helicopsyche borealis, na ni kwa mdudu huyo nitakavyoihukumu.

Mabuu wake, ambao ni wa oda ya Trikoptera (kundi la wadudu ambao mabuu wao huishi majini), huishi juu ya mawe ya vijito vya Amerika Kaskazini wakikwangua mwani na diatomu, yaani vimelea vidogo mno vya mwani vyenye ganda gumu. Kila mmoja hujijengea nyumba ya chembe za mchanga zilizogandishwa kwa hariri itokayo mdomoni, nayo hujiviringa kama kombe la konokono, kiasi kwamba mwaka 1834 mtaalamu wa makombe Isaac Lea aliielezea kuwa ni konokono na kuiita Valvata arenifera, yaani mbeba mchanga. Simlaumu, kwani nyumba yenyewe ina upana wa milimita chache, na nilipoiona mara ya kwanza nami niliipita nikidhani ni konokono.

Nililiweka jiwe la kijitoni katika trei nyeupe yenye maji kidogo, nikasubiri. Baada ya dakika kama mbili kichwa kigumu kilichungulia, kikafuatwa na miguu sita yenye vifundo, na hapo habari ya konokono ikaishia. Jaribio gumu lilikuwa la buu aliyehifadhiwa katika spiriti, niliyemtoa nyumbani mwake kwa kibano: kucha mbili za mwisho wa mwili wake zina meno yaliyopangana kama kitana, ilhali za mabuu wengi wengine wajengao nyumba zimepinda kama ndoana. Lenzi iliyaonyesha meno hayo, japo ilinibidi niisogeze karibu kabisa na jicho na kugeukia jua.

Kasoro yake ni uongo wa kwenye boksi, palipoandikwa kwamba inakuza mara 30. Lenzi ya namna hiyo ingenilazimu kumsogelea mdudu hadi milimita 8 hivi, maana ukuzaji hupatikana kwa kugawanya milimita 250, umbali wa kawaida wa jicho kuona kitu kwa karibu, kwa umbali huo. Hii huona vizuri katika milimita 25, kwa hiyo hukuza mara 10. Kwa mara 10 bei hiyo ni ya haki, na ningeinunua tena, ila muuzaji angesema kweli. Kamba iliyokuja nayo haitoshi kuvaliwa shingoni, hivyo yangu nimeifunga kwa uzi wa kiatu.