TAHADHARI: Baiskeli za mtumba "za safari ndefu" zinazouzwa Mtwara, fremu zimejazwa puti

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa vijana mnaotaka kutoka na baiskeli mwaka huu, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna mtu hapa Mtwara mjini anauza baiskeli za mtumba akisema ni za safari ndefu, zimetoka Japani, fremu chuma kitupu. Nilinunua moja. Ilikatika shingoni nikiwa peke yangu Malawi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Pale ilipokatika palikuwa na ufa wa siku nyingi uliojazwa puti (ile ya kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi) na kupuliziwa rangi. Jina lake siliandiki kwa kuwa suala liko polisi, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote.

Wengi wananiuliza kwanza kwa nini Malawi, wakati Msumbiji iko hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Kweli, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, mita 720, unavuka kwa dakika chache. Lakini Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio hapo ng'ambo, haijatulia tangu Oktoba 2017, na mtu mmoja juu ya baiskeli, anayelala popote jua linapomzamia, hana wa kumkinga. Malawi Mtanzania haombi viza. Lami inaambaa na ziwa, na baiskeli kule ni usafiri wa watu wote, wa mizigo na wa abiria. Kwa mwenye hela kidogo ndiyo nchi ya kuanzia. Hela yangu ilikuwa ya korosho za bibi yangu wa Tandahimba, alizoniachia nizisimamie msimu mzima. Nilitenga 150,000 za pasipoti, nyingine za kula na kulala, na 480,000 za baiskeli.

Huyu bwana anajua msimu. Matangazo yake yanaanza kuonekana kwenye makundi ya simu malipo ya korosho yanapoanza kuingia, Oktoba na kuendelea. Nilipompigia hakuniambia bei. Aliniuliza naenda wapi, nitabeba kilo ngapi, nitalala hotelini au kwenye hema. Nikamweleza yote. Kisha akaniambia: "Mdogo wangu, kwa safari hiyo usithubutu kuchukua fremu ya alumini. Chukua chuma. Chuma kikipasuka, hata kijijini kabisa utapata wa kukuchomelea."

Maneno hayo ni ya kweli kabisa, fundi yeyote atakwambia hivyo. Ndiyo maana nilimwamini. Nawaomba mlishike hili kuliko mengine yote: hakudanganyi juu ya baiskeli kwa ujumla, anakufundisha vizuri, unatulia, halafu anakupa kitu kingine tofauti na alichokufundisha. Mtu akikupa elimu sahihi huwezi kufikiri kwamba bidhaa yake ndiyo uongo.

Tulikutana baada ya Maghrib, yeye ndiye aliyechagua saa. Taa ilikuwa moja, ya dukani kwa jirani. Nilisema nimlete fundi wangu kesho asubuhi, akasema kuna mteja anatoka Masasi usiku huohuo. Hela akataka niitume kwa simu, na jina lililotokea halikuwa lake. "Ni shemeji yangu," akasema. Risiti hakuna. Mwisho akatoa karatasi yenye muhuri, eti kibali cha kuvusha baiskeli mpakani, 60,000. Nikalipa.

Hiyo karatasi niimalize hapahapa. Pale Kasumulu, mpakani na Malawi, ofisa aliigeuza mara mbili, akaniuliza nimeipata wapi, akanirudishia. Aligonga muhuri kwenye pasipoti yangu, nikavuka daraja la Songwe nikisukuma baiskeli yangu. Hakuna aliyeniomba kibali chochote cha baiskeli, upande wetu wala upande wao. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia "kibali cha baiskeli" mtaani, jua anakuibia. Ukitaka kujua masharti ya safari nenda ofisi ya Uhamiaji mwenyewe.

Safari nilianzia Uyole, Mbeya, baiskeli ilifika kwenye buti ya basi. Nikashuka Tukuyu hadi mpakani, nikalala Karonga, ambako Kiswahili kinasikika vizuri na sikupata shida ya kuuliza njia. Siku ya pili baada ya Karonga nikaanza kusikia mlio shingoni, *krr*, kila nikikanyaga kwa nguvu. Nikadhani ni gololi za shingo zimekauka. Nikapaka grisi, mlio ukapungua, nikaendelea. Mlio huo ndio ulikuwa ufa unafunguka. Ukiusikia kwenye baiskeli yako, shuka, futa vumbi, kagua pale bomba linapoungana na shingo ya usukani. Usiendelee hata kilomita moja.

Baada ya Chitimba barabara inafika Chiweta na kuanza kupanda kuelekea Mzuzu. Ni mlima wa kweli, ziwa linabaki chini na kona hazikwishi. Nilikuwa nimesimama juu ya pedali, keria ina kilo 18 hivi, bomba la chini likaachia. Usukani ukanilalia mikononi, nikaanguka upande wa ukingo. Goti lilichanika na kiganja, basi. Nilikuwa napanda, mwendo wa mtu anayetembea. Wiki iliyofuata nilipanga kurudi kwa barabara hiyohiyo, nikishuka, na malori yakiwa nyuma yangu. Kila nikilifikiria hilo nakosa usingizi, na ndilo linalonifanya niandike.

Vijana wawili wa baiskeli za abiria, kule wanaziita kabaza, walinibeba mimi na mizigo hadi Chitimba. Wakanipeleka kwa mzee mmoja mchomeleaji, aliyewahi kufanya kazi Mbeya. Alipoona fremu hakuwasha mashine. Alichukua sumaku ya spika mbovu ya redio, akaigusisha kwenye bomba, ikaanguka. Akaigusisha kwenye cheni, ikang'ang'ania. "Mwanangu, nani kakwambia hii ni chuma?" Akakwangua kwa kisu pale palipokatika, ikatoka puti ya kijivu yenye unga, na chini yake ufa uliokwishaingia weusi. Akanieleza kwamba alumini inayeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, chuma ni karibu 1,500, na kwa mashine yake na vijiti vyake vya chuma angeitoboa tu. Hakutaka hela. Kanipa chai na kiti.

Nilirudi kwa lori na basi. Fremu nimekuja nayo.

Sasa kabla hujanunua baiskeli ya mtumba kwa mtu yeyote, si huyu peke yake. Nenda mchana. Beba sumaku ndogo, hata ya spika. Anayesema chuma, sumaku ishike kwenye kila bomba, tena sehemu tofautitofauti, kwa sababu kwenye puti iliyopakwa nene haishiki hata kama bomba ni chuma. Pitisha ukucha kwenye maungio ya shingo na chini karibu na pedali. Rangi iliyopulizwa juu ya puti ni laini mno, haina ile michirizi ya kuchomelea. Gonga bomba kwa funguo: penye puti mlio unakufa. Tazama namba ya fremu, mara nyingi ipo chini pale ekseli ya pedali inapopita. Yangu ilikuwa imesagwa kwa tupa, na sikuangalia, kumbe hata ikiwa ya wizi ningekuwa mimi ndiye niliyeishika. Na fundi wako wa mtaani mlipe 5,000 aje naye akague. Muuzaji akimkataa fundi wako, ondoka. Hata kama kuna watu kumi wanatoka Masasi.

Sisemi alumini ni mbaya. Ni nyepesi, haipati kutu, na hapa mjini kwetu penye hewa ya chumvi hilo ni jambo kubwa. Ninachosema ni kwamba ujue unachopanda. Ningejua ni alumini nisingebeba kilo 18, wala nisingepanda Chiweta na mlio shingoni.

Nilipompigia kutoka Chitimba alisema nimezidisha mzigo. Nilipomtajia puti akakata, na tangu siku hiyo namba yake haipatikani kwangu. Nilikwenda polisi, jalada limefunguliwa. Kinachonikwamisha ni risiti: ushahidi nilio nao ni ujumbe wa muamala wenye jina la mtu mwingine, na sauti mbili alizonitumia akinisifia chuma. Hizo sauti nimezihifadhi. Wewe uliyenunua kwake, usifute chochote kwenye simu yako.

Maana si mimi peke yangu. Tangu nirudi, watu watatu wamenieleza habari za mtu anayefanya hivihivi. Mmoja ni mama ambaye bintiye anaendesha kwenda shule. Baiskeli ya mtoto foku yake, ule uma unaoshika tairi la mbele, imejazwa puti pande zote mbili. Mtoto hajaanguka. Mama ameifungia ndani.

Na juzi rafiki yangu wa Lindi kanitumia tangazo jipya. Namba ya simu nyingine, bei 450,000, maneno ni yaleyale: Japani, safari ndefu, chuma. Nyuma ya baiskeli kuna ule ukuta wa bluu uliobanduka rangi ninaoujua. Anasema anakutana na wateja Lindi mjini jioni. Watu wa Lindi, kama mmeshalipa chochote kwake, hata kishika uchumba, nendeni polisi leo mtaje kwamba Mtwara kuna jalada lingine. Fremu yangu iliyokatika ninayo, bado ina puti yake, na polisi wakiihitaji nitaileta Lindi kwa nauli yangu.