Draivu ya kuchomea DVD na diski tupu: uzoefu wangu

Ukisikia mtu analalamika kwamba draivu yake ya kuchomea DVD ni mbovu, muulize kwanza anatumia diski gani. Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kurekodi harusi na mahafali. Wateja wengi siku hizi wanataka flashi, lakini wenye deki sebuleni bado wapo, na zipo ofisi zinazotaka nakala ya kuweka kabatini. Kwa hiyo nachoma diski nyingi, na draivu nimezibadilisha mara kadhaa. Tofauti kati ya draivu na draivu ipo, ila ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya diski na diski.

Nianze na draivu hata hivyo, maana ndiyo watu wanayoulizia. Zile nyembamba za nje, zinazovuta umeme kwenye USB, ni nzuri kwa mtu wa diski mojamoja. Kasi yake ya kuchoma DVD kwa kawaida inaishia 8x, na hilo si tatizo. Tatizo ni umeme. Tundu la USB 2.0 kwa utaratibu wake linatoa miliampia 500, na wakati leza inaandika huku mota inazungusha diski, draivu inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Utaiona inasoma vizuri kabisa, halafu ukibofya kuchoma inalia tik-tik, inatoweka kwenye kompyuta, inarudi, na diski imeshaharibika. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB. Kama ina waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Hicho cha pili hakikuwekwa kwa urembo.

Ninayoitegemea mimi ni LiteOn iHAS124, draivu kubwa ya SATA ya kukaa ndani ya kompyuta ya mezani. Makasha mengi ya kompyuta za sasa hayana tena nafasi yake, kwa hiyo nimeiweka kwenye boksi la nje lenye adapta yake ya umeme. Imeandikwa 24x usoni. Sijawahi kuitumia kwa kasi hiyo na sioni sababu ya kuitumia. Nilichoipendea ni kwamba inaweza kupima diski baada ya kuchoma, jambo ambalo draivu nyingi hazilifanyi au zinalifanya nusunusu. Nafungua programu ya Nero DiscSpeed, inasoma diski nzima na kuchora makosa madogo ambayo draivu inayasahihisha yenyewe kimyakimya. Kila DVD ina makosa hayo, hata mpya. Kikomo kilichowekwa na viwango vya DVD ni makosa 280 kwa kila kipande kinachopimwa. Diski nzuri grafu yake inakaa chini kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Diski ya hovyo inaanza vizuri, halafu ikikaribia mwisho mistari inapanda. DVD inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo ubaya huo uko ukingoni, na ndiyo maana filamu inaganda pale mwishomwisho, bibi harusi anapokata keki.

Sasa diski zenyewe. Jina lililoandikwa kwenye kava si lazima liwe la kiwanda kilichozitengeneza. Ndani ya kila diski tupu kuna kitambulisho kilichowekwa kiwandani. Draivu inakisoma kwanza, kisha inatafuta kwenye programu yake ya ndani kama inakijua. Ikikijua, inajua leza iwashwe kwa nguvu gani kwa aina hiyo ya rangi, yaani lile tabaka ndani ya diski ambalo leza inaliandika. Isipokijua, inakadiria tu. Hapo ndipo draivu ileile inapofanya kazi safi leo na takataka kesho. Kitambulisho hicho utakiona kwenye ImgBurn, programu ya bure: weka diski tupu, tazama upande wa kulia, mstari wa Disc ID. Ukiona MCC 004 kwenye DVD+R au MCC 03RG20 kwenye DVD-R, hizo ni zile za Verbatim zenye rangi ya AZO, na kwangu ndizo zilizonipa matokeo yanayofanana siku zote. Angalia neno AZO kwenye kava, kwa sababu si kila diski yenye jina la Verbatim ni ya aina hiyo.

Niliwahi kununua mzigo wa diski za jina ambalo nilikuwa nimelizoea. Kava ileile, nembo ileile, lakini kitambulisho kilikuwa cha kiwanda kingine. Zilichomeka bila kugoma, na hata ukaguzi wa mwisho zilipita. Miezi michache baadaye zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine. Tangu hapo nikifungua boksi jipya nasoma kitambulisho cha diski ya juu na ya chini kabla ya kuchoma chochote cha mteja. Na ukikutana na mtu anayekuuzia Taiyo Yuden kama mzigo mpya, jiulize maswali: kampuni hiyo iliacha biashara ya diski mwaka 2015, na vitambulisho vyake vilikuwa vikigushiwa hata kabla ya hapo.

Kuhusu alama ya kujumlisha na ya kutoa, DVD+R na DVD-R: draivu za sasa zinachoma zote. Deki kongwe huwa zinaielewa DVD-R kwa urahisi zaidi, kwa hiyo za wazee nachoma hiyo. DVD+R nayo inaweza kujitambulisha kwa deki kama DVD ya kawaida ya filamu, ikiwa draivu yako inaruhusu mpangilio huo. Za data, chukua yoyote.

Diski ya 16x naichoma kwa 8x. Inachukua kama dakika nane, dhidi ya tano au sita kwa kasi kamili, na grafu inatoka safi zaidi. Lakini wanaokushauri ushuke hadi kasi ya chini kabisa wanakupotosha: rangi za diski hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na zikichomwa polepole mno nyingine zinatoka mbaya zaidi.

Mawili matatu ya haraka. GB 4.7 zilizoandikwa kwenye kava, Windows inazihesabu kama 4.38, kwa hiyo usishangae faili lako la 4.5 likikataliwa. Ukimwaga MP4 kwenye diski hujatengeneza DVD ya deki; deki ya zamani inataka folda ya VIDEO_TS. Na stika za karatasi achana nazo: zikikaa upande kidogo diski inayumba, na zikivuta unyevu zinaipinda. Andika juu kwa kalamu maalumu ya diski, au nunua zile zenye uso mweupe wa kuchapisha.

Diski za tabaka mbili, za GB 8.5, nilizijaribu nikaziacha. Ni ghali, deki za zamani zinazisoma kwa shida, na hata deki inayozimudu hukwama kidogo inapohama tabaka. Harusi ikizidi diski moja naigawa: ibada kwenye ya kwanza, ukumbini kwenye ya pili. Sijasikia mteja akilalamika, isipokuwa wale wanaopoteza ya pili.