Kupigiwa Nyota au Kuhesabu Miongo?
Ukitaka kuupanga mwaka wako Unguja au Pemba, njia ni mbili. Mwalimu wa falaki, elimu ya nyota, hugeuza herufi za jina lako na la mama yako kuwa hesabu, akazitoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yako, Hamali, Asadi au nyingine. Kisha hukutajia siku njema ya harusi au safari. Humtuliza mtu, sikatai.

Lakini kwa shamba na bahari mimi nashika miongo ya Nairuzi, mwaka wa jua wa Waswahili: makumi 36 ya siku na siku 5 za ziada, kuanzia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai, Kusi inavuma. Huko hesabu ni moja kwa mwenye ngalawa na mwenye mpunga, hata majina yao yawe mbalimbali. Na Kilimia, lile kundi la nyota, kipo angani, kila mtu akione: kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.