Nyumba ya wikendi Naivasha na mbwa wawili: uzoefu wangu

Nyumba tuliyopanga iko kando ya Moi South Lake Road, na tangazo lake lilisema mbwa wanakaribishwa. Kweli walikaribishwa. Walilala ndani nasi, hakuna aliyewakunjia uso, na ada yao haikuumiza. Sakafu ni ya vigae, inapigwa deki mara moja matope yanakwisha. Jikoni kuna gesi na sufuria za kutosha. Shida yangu ni ua.

Upande wa barabara kuna kayaba, miti ya miiba iliyofungana, hata kuku hapenyi. Upande wa ziwa kuna nyaya mbili tu za umeme, zimefungwa chini, usawa wa goti. Kiboko haruki, kwa hiyo waya huo unatosha kumrudisha. Sasa mbwa je? Wetu wa kienyeji, Simba, alijikunja akapita chini yake jioni ya kwanza kama geti limeachwa wazi. Askari wa pale, mzee mpole sana, alitusaidia kumrudisha, kisha akaniambia, "Mama, huo waya ni wa kiboko, si wa mbwa."

Basi mwenye nyumba angeandika hivyo kwenye tangazo! Viboko hutoka majini giza likiingia, wakaja kula nyasi zile zile ambazo mchana watoto walichezea mpira. Na ziwa lenyewe limesogea: tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, migunga mingi imebaki mikavu imesimama majini. Tulikubaliana kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni mbwa wote wawili wako kwenye kamba, na haja ndogo ya usiku inafanyiwa upande wa kayaba, mtu mzima akiwa na tochi. Wetu wamezoea kamba kwa sababu ya msitu wa Karura, Nairobi, ambako bila kamba huruhusiwi kutembea na mbwa. Mbwa aliyezoea kuzurura kwenye kampaundi angetupa kazi.

Kwenda tulipita juu, Limuru, tukaziachia malori kona za Mai Mahiu. Mbwa tuliwanyima chakula asubuhi hiyo, maji tu, na kwa mara ya kwanza German Shepherd wetu hakutapika. Mikanda ya kifuani inayochomekwa kwenye kifungio cha mkanda wa gari inafaa pesa yake, hasa ukiwa na watoto wanaogombania kiti cha nyuma.

Jambo lingine ambalo tangazo halisemi: Hell's Gate iko karibu kabisa, ila ni mbuga ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na mbuga zao haziruhusu mbwa. Msifikirie kumwacha garini getini. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na gari lililofungwa kwenye jua la Naivasha linaweza kumuua upesi. Sisi tulikwenda kwa zamu. Baba Neema alipeleka watoto kuendesha baiskeli, mimi nikabaki na mbwa barazani nikitazama mbega. Sikulalamika hata kidogo, ule ulikuwa muda wangu wa kwanza wa chai ya moto tangu shule zifungwe.

Kupe wapo, maana ng'ombe wanalishwa jirani. Mbwa wetu walikuwa wamemeza dawa ya kupe kabla ya safari, na bado kila jioni tulikagua masikio, makwapa na katikati ya vidole. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna aliyeiuliza, jambo ambalo mimi sikulipenda, kwa kuwa wageni wengine nao huja na mbwa wao.

Naipa nyota tatu na nusu. Kwa familia isiyo na mbwa ningeipa tano bila kufikiri. Nimemwandikia mwenye nyumba nikamwambia wavu wa kuku, futi nne kwenda juu, nyuma ya zile nyaya utamaliza kazi. Akiuweka, Desemba tumefika.