TAHADHARI: Ukikwama na gari kati ya Luisha na Likasi, mwogope kijana wa salopeti (ovaroli) ya bluu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, huku kwetu Congo, nimeibiwa. Sikuibiwa usiku na watu wa bunduki. Nimeibiwa mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti nilicholetewa, nimeshika chupa ya maji baridi niliyonunuliwa, nikihesabu mwenyewe dola 800 za kununua moteri (injini) ya gari, noti kwa noti. Na noti moja ya ishirini ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, akaikataa. Mwizi ananichagulia noti! Nami nikamwomba radhi, nikamtolea nyingine.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya misa, mwenzetu mmoja alianza kusimulia jinsi alivyokwama njiani baada ya Luisha, na jinsi Mungu alivyomletea kijana mzuri, mwenye adabu, salopeti ya bluu, anayejua kusalimia wakubwa. Tumbo likanikata. Nikamuuliza: alikuonyesha moteri inayowaka chini, juu ya tairi? Akanitazama kana kwamba mimi ni mganga. Ndiyo maana naandika.

Safari yenyewe mnaijua, wengi wenu mlichanga. Ijumaa ya mwisho ya Agosti, ndoa ya mdogo wake mke wangu kule Kolwezi. Ndani ya Toyota Ipsum yangu, ile ile iliyonifikia mwaka 2019 kwa njia ya Dar es Salaam, Tunduma na mpaka wa Kasumbalesa, tulikuwa sita: mimi, mama watoto, watoto watatu nyuma na vitambaa vya ndoa, na mama mkwe mbele, kando yangu. Mliooa mnajua mama mkwe akikaa mbele ni nini. Hata redio huigusi.

Tumepita Luisha, makamiyo (malori) ya shaba mbele, makamiyo nyuma, vumbi jekundu, naona mshale wa joto unapanda. Nikasema tusimame kidogo. Mama mkwe akasema, "Papa, huku mu pori tusisimame, na batoto hivi." Sikusimama. Nilienda kama kilomita nne na mshale uko juu kabisa. Hapo kosa ni langu, msianze kuniandikia, shemeji ameshanitukana ya kutosha. Moshi mweupe, harufu ya kitu kitamu kilichoungua, moteri ikagonga mara mbili ikazima. Nilipofungua kapo (boneti), mpira wa radiateri (rejeta) ulikuwa umepasuka kama mdomo. Nikavuta kijiti cha kupimia mafuta: chai ya maziwa, yaani mafuta yamechanganyika na maji. Hata mimi mwalimu wa hesabu najua chai ya maziwa pale ni kifo.

Dakika kumi hazikuisha. Pikipiki ikasimama. Kijana, miaka thelathini hivi, salopeti ya bluu iliyofuliwa, funguo za kazi kwenye mfuko wa mgongoni. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda upande wa mama mkwe, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kisanga, lugha ya kwao. Akamuuliza anatoka kijiji gani. Akamwambia bibi yake naye ni wa huko huko! Mama mkwe, ambaye kwangu mimi ametabasamu labda mara tatu tangu nimlipie mahari, akashuka kwenye gari, akacheka, akasema, "Huyu ni mutoto wa kwetu."

Sasa niambieni, mngefanya nini? Mama mkwe amesema ni mtoto wa kwetu. Nimwambie nini, Mama, acha nimpigie kwanza mekanisie (fundi) wangu? Na mekanisie wangu ni nani? Ni mtoto wake, shemeji, ambaye mnajua tulivyokuwa hatusemezani tangu mambo ya breki. Mama watoto alininong'oneza, "Piga kwa kaka yangu." Nikajibu kwamba inite (salio la simu) zimeisha. Zilikuwapo. Basi, nimesema.

Kijana hakuomba hata franka moja. Aliwanunulia watoto biskuti. Alisimamisha kamiyo, akaongea na dereva, tukafungwa kamba, tukavutwa hadi Likasi. Kabla ya kugusa chochote alivua kofia akasali! Kisha akachungulia mafuta, akatikisa kichwa kama daktari aliyetoka chumba cha wagonjwa: "Papa, sitakudanganya. Kilasi (silinda hedi) imepinda, moteri imekufa. Ningekuwa mwizi ningekuambia tubadilishe jwenti (gasketi) tu, nikukule makuta (pesa), ife tena kesho." Ningekuwa mwizi! Neno alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na mimi nikaona hapa nimepata mtu mkweli.

Familia nikaipandisha taksibasi ya kwenda Kolwezi, kwa sababu ndoa ilikuwa kesho yake. Mimi nikabaki. Akanipeleka kwenye uwanja mmoja wenye ukuta na geti la bati. Huko ndiko kwenye yule mwingine, muuzaji, mzee wa heshima, miwani, daftari la fakitire (ankara), mhuri. Na moteri. Imekaa juu ya tairi kuukuu, betri pembeni, petroli inakuja kwa mpira mwembamba kutoka kwenye chupa. Akaiwasha. Jamani, ile sauti! Ilikuwa inanong'ona. Akaweka chupa ya maji juu yake, maji hayakutikisika. "Dubai," akasema, "haijakanyaga vumbi la Congo." Video nilipiga mwenyewe, na nyinyi mliiona, maana niliwatumia nikijisifu, na kuna mmoja wenu (unajijua) aliyeniandikia "Umebarikiwa."

Alianza na dola 1,100. Nikabishana kama mwanaume, akashuka hadi 800, akashika kichwa, akasema mkewe atamfukuza. Nikajiona mjanja. Pesa hizo zilikuwa minervali (ada ya shule) ya watoto watatu na sehemu ya bahasha ya mchango wa ndoa. Ndiyo, mchango. Nimeanza kurudisha, msinitafute. Juu yake dola 120 za kazi, na 45 za mafuta mapya. Fakitire nikapewa, imepigwa mhuri mara mbili, imeandikwa "garanti mwezi mmoja", na ukiutazama ule mhuri vizuri, kama nilivyoutazama wiki mbili baadaye, hauna jina la kitu chochote. Ni duara na nyota.

Saa kumi na mbili jioni wakaniambia niende kulala. Nikasema nitakaa nione kazi. Kijana akacheka kwa upole: "Papa, baridi itakuuwa, na huku usiku kuko bashege (wahuni). Kesho saa kumi na mbili asubui gari yako iko tayari." Nikalala nyumba ya wageni kama mtoto. Asubuhi gari lipo getini, limeoshwa, kapo limefunguliwa, na moteri inang'aa rangi ya fedha mpaka unajiona sura. Nikauliza, na ile ya zamani? "Banunuzi ba vyuma bamesha kubeba, Papa. Uchafu ule utaupeleka wapi?" Nikamshukuru hata kwa hilo. Nikampa dola tano za chai.

Sikufika Fungurume, mji ulio njiani kwenda Kolwezi. Kilomita sitini hivi nje ya Likasi, moshi ule ule mweupe, harufu ile ile tamu, kando ya barabara ile ile. Nikapiga simu ya kijana: inaita. Nikapiga tena: imezimwa. Mpaka leo imezimwa. Niliingia Kolwezi saa kumi na moja jioni, juu ya kamiyo, suti yangu imekuwa nyekundu, keki imekwisha kukatwa. Mama mkwe akauliza gari. Nikasema betri, Mama, kitu kidogo, nimeliacha Fungurume.

Gari lilirudi Lubumbashi juu ya kamiyo lingine, na bei ya hilo sitaji. Ikabidi nimeze mate nimwite shemeji. Alikuja nyumbani na watoto wake wa kazi, hakusema neno kuhusu breki, akaingia chini ya gari. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia anacheka. Anacheka peke yake, chini ya gari, miguu inatikisika. Akaniambia, "Shemeji, lala hapa uone."

Nililala kwenye udongo. Juu, pale jicho linapofika ukifungua kapo, moteri ni fedha tupu. Chini, vumbi jekundu la zamani, mafuta yaliyoganda, hata kile kipande cha mfuko wa plastiki kilichonasa tangu mwaka jana kipo. Buloni (bolti) zinazoshika moteri hazijaguswa na funguo hata mara moja, kutu haijavunjika. Akafuta namba iliyochapwa kwenye chuma, akafungua simu yake, akatoa picha aliyoipiga 2019 gari lilipotoka Kasumbalesa. Namba ni moja.

Moteri haikutoka ndani ya gari. Nimeuziwa moteri yangu mwenyewe. Dola 800, nimelipa mkononi, nikanunua kitu nilichokuja nacho.

Shemeji anasema walibadilisha mpira wa radiateri, wakatoa mafuta machafu wakaweka mapya, wakamwaga ndani ya radiateri ile dawa ya unga ya kuziba matundu, wakapiga rangi. Inakwenda kilomita hamsini, sabini, mia ukiwa na bahati, halafu unga unashindwa, maji yanaingia tena kwenye mafuta. Wewe uko mbali, wao wako getini na tairi lao wanamwashia mwingine. Ile moteri ya Dubai haiuzwi. Ile ni ndoano. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ile ya kwanza, kama ningezima mapema, labda ilikuwa jwenti tu na kusawazisha kilasi. Sasa kilasi imepinda kweli, mara mbili imepikwa.

Watu hawa wafungwe. Si siku mbili halafu mjomba mwenye cheo anapiga simu. Wapelekwe gereza la Kasapa, wapelekwe gereza la Buluo, wakae huko mpaka nywele ziote mvi, na kila asubuhi wapewe moteri moja waioshe, waipake rangi, wajiuzie wenyewe kwa zamu. Yule mzee wa miwani avuliwe miwani. Yule kijana aliyesali, huyo mimi namwachia Mungu ambaye jina lake alilitumia kama mtego, ila kabla Mungu hajafika ningependa dakika tano naye mimi na shemeji. Majina yao siandiki hapa, si kwa huruma, ni kwamba waliyonipa nina hakika si yao. Uwanja nao nilirudi kuutazama: geti limefungwa, jirani anasema ulipangishwa kwa mtu wa mwezi mmoja tu.

Mnauliza dalili. Sijui, ndugu zangu, dalili nimeziona zote na nikazipita kama nguzo za umeme. Moteri si rahisi kubadilishwa usiku mmoja na vijana wawili. Shemeji na watu watatu anataka siku nzima na zaidi. Kukuambia uende kulala, hiyo. Rangi mpya: chuma cha kuuzwa kinaoshwa, hakipakwi poda kama bibi harusi. Moteri yako ya zamani udai, ikae mbele yako kwenye udongo, hata kama ni uchafu, ni uchafu wako. Piga picha ya namba yako leo, gari likiwa zima, na picha ya namba ya ile unayonunua kabla hujatoa mfukoni. Buji (plagi) zitolewe, fundi apime kompresyo (mgandamizo ndani ya moteri), muuzaji akikataa, ondoka. Moteri kunong'ona sekunde arobaini bila radiateri si kitu, hata ya kufa inanong'ona sekunde arobaini. Na mshale ukipanda, simama. Pori au si pori.

Kama umekwama upande ule, niandikie, hata usiku. Shemeji amekubali kuja, ana kamba na ana kamiyo ya rafiki yake. Amekubali pia kunyamaza, kwa bei ya kilo mbili za muchopo (nyama ya kuchoma) kila Jumamosi mpaka Krismasi, na anachagua nyama mwenyewe.

Na nyinyi wa familia mlioko Kolwezi mnaosoma hapa: mama mkwe hajui. Bado ananipigia kuuliza kama nimemshukuru mtoto wa kwetu, na anataka aalikwe Noeli. Atakayemfungulia mdomo, tutaonana.